Saa za Nje ya Chumba cha Mshauri ni Zamu Yetu



Mwenye bahati ya kupata ushauri nasaha huketi na mshauri wake kama saa moja kwa wiki. Saa 167 zinazobaki yuko nasi: nyumbani, kazini, kwenye matatu, kitandani akiukosa usingizi. Na dhiki ya moyo haiweki miadi. Humvamia mtu usiku wa manane, mwisho wa mwezi kodi ikidaiwa, au wiki ile baada ya mazishi, waombolezaji wakishatawanyika. Nawasihi tukubaliane kwamba saa hizo ni zamu yetu.

Tunawahitaji madaktari, tena wengi kuliko tulio nao. Lakini tusikae tukiwangoja. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina bibi wa mtaa wa Mbare, jijini Harare, Zimbabwe, kuwasikiliza wenye dhiki kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa kwa mpango huo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wasikilizaji hao hawakuwa madaktari. Walikuwa na mafunzo, subira na wasimamizi wa kuwaongoza.

Nasi Wakenya tuna vyama, jumuiya za kanisa, misikiti, vituo vya bodaboda na Nyumba Kumi. Mtu akifa, kamati ya matanga huundwa jioni hiyo hiyo na mchango ukaanza. Juhudi hiyo tuifanye mapema, mwenzetu angali hai.

Kila kundi lichague watu wawili wanaojua kunyamaza na kutunza siri. Mwombeni mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu awaunganishe na kituo cha afya ili wafunzwe. Wapokezane, maana msikilizaji naye huchoka. Tengeni akiba ya nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali usiku. Kisha bandikeni namba hizi dukani, bwenini na kwenye lango la ploti: 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 0722 178 177 ya Befrienders Kenya, na 116 kwa ajili ya watoto.

Ukimwona mwenzako amejitenga, anagawa vitu vyake au anasema amechoka na dunia, muulize waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Usiogope. Swali hilo halimtii mtu wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Msikilize bila kumhubiria wala kumlinganisha na wenye shida kubwa zaidi. Akikiri, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa za kilimo, vidonge na chochote cha kumdhuru. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Wimbi la hatari huja na kupita, na anayevushwa salama hupata muda wa kutibiwa. Kisha mpeleke hospitali usiku huo huo, usingoje siku ya kliniki.

Nawe unayehudhuria ushauri nasaha, mwombe mshauri wako mwandike pamoja mpango wa siku mbaya: dalili zake, kinachokutuliza, wa kumpigia simu, pa kukimbilia. Nakala moja ibaki kwako, nyingine mpe mtu unayemwamini.

Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka miwili. Familia zikaficha majeraha na kusema ni ajali. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Machifu, wazee wa mtaa na maafisa wa polisi, twawaomba: aliyeokolewa apelekwe kwa daktari, asipelekwe rumande. Nanyi wahubiri na maimamu, mseme hadharani kwamba kuugua akili si laana.

Kikao kijacho cha chama chenu kiongezewe ajenda moja: majina mawili, namba tatu na akiba ya nauli. Msifunge mkutano kabla hayo hayajaandikwa.