Deni Haligeuzwi Sadaka

Mtumishi yeyote wa Serikali anaijua tofauti kati ya pensheni na sadaka. Pensheni ni haki ya aliyetumika, nayo hutengewa fungu katika makadirio ya kila mwaka. Sadaka hutegemea moyo wa mtoaji na namna alivyoamka siku hiyo. Serikali ya Uingereza nayo inaijua tofauti hiyo vizuri sana. Hata hivyo, askari Waafrika wa KAR waliopelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma katika Vita Kuu ya Pili iliwaacha uzeeni upande wa sadaka.

Mzigo huo ukakiangukia chama kidogo cha hisani, Royal Commonwealth Ex-Services League, kilichoundwa Cape Town mwaka 1921. Chama chenyewe hakistahili lawama. Kimekuwa kikiishi kwa michango na ruzuku, na kugawa kinachopatikana. Lakini tangu lini chama cha hisani kikalipa deni la dola?

Mwaka 2018 Serikali hiyo ilitangaza Pauni karibu milioni 12, zipitie kwa chama hicho, ili wakongwe na wajane hadi 7,000 wapate milo 2 kwa siku. Huo ukaitwa msaada! Kijana aliyeandikishwa mwaka 1943 akiwa na miaka 18 alikuwa ametimiza miaka 93. Wenzake wengi walikwishazikwa.

Na hapa ndipo ulipo ubaya wa mizania ya namna hii. Kila mzee anayefariki ni tumizi lililopungua. Vitabu vya chama vyaweza kuonekana vina afya njema kwa sababu tu wadai wanakwisha. Mkaguzi wa hesabu hataona kosa lolote, maana tarakimu zitalingana.

Mwaka 2019 Al Jazeera ilifichua hati ya kikoloni kuhusu kiinua mgongo cha vita. Askari Mzungu wa cheo cha chini alikadiriwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi. Mwafrika wa cheo hicho hicho, shilingi 3.50. Basi pengo ni shilingi 6.50 kwa mwezi. Aliyetumika miezi 36 alipunjwa shilingi 234, kabla ya riba ya zaidi ya miaka 70. Mwalimu wa darasa la nne aweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni. Hazina ya London imeshindwa nini? Wakongwe walio hai walipwe, na waliokufa walipwe warithi wao.