BARAZA YA NYUMBANI: Siku Tatu za Dar es Salaam Pamoja na Watoto



Mwezi uliopita ilinifikia barua ya baba mmoja wa upande wa Kondoa. Asema kwamba aliwaahidi wanawe wanne kuwa watakapohitimu juzuu zao atawapeleka Dar es Salaam kuuona mji mkubwa, nao wamehitimu, na ahadi ni deni. Mama yake mzee naye ataka kwenda. Watafikia kwa dada yake aliyeolewa Magomeni, mwenye vyumba viwili. Auliza: tukae siku ngapi, twende wapi, na sala zetu tuziswalije? Chini ya barua, kwa kalamu nyingine na mwandiko mwingine, mkewe ameongeza maneno machache: kwamba kila waendapo mjini yeye huliona jiko tu, na arudipo wenzake wakamwuliza habari za bahari hana la kujibu.

Nitaanza na maneno hayo ya chini, maana ndiyo yenye haki kubwa zaidi ya kujibiwa.

Dasturi yetu ni kuwa mke wa mgeni akifika kwa wifi yake hufunga kanga na kuingia jikoni, akaona haya kuketi. Mume hupelekwa barazani, akaletewa kahawa, akaulizwa habari za mvua. Watoto wa kiume hutoka na binamu zao. Siku zikisha, kila mtu ameuona mji ila yule aliyewapikia. Sharia haikumfaradhia mwanamke jambo hili, wala wifi hakulitaka. Ni haya tu za pande mbili, na wa kuziondoa ni mume. Basi bwana huyu amwambie dada yake mapema, kwa simu, kabla ya kufunga safari: chakula cha mchana tutakula huko huko tutembeapo, msituwekee; cha usiku kitapikwa chungu kimoja, na wavulana watachota maji na kuosha vyombo. Akiyasema yeye, dada hatadhani kuwa wifi yake amejivuna.

Kuhusu siku, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa haki ya mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka ya mwenye nyumba, na ametukataza kumkalia ndugu hata tukamtia katika dhiki. Wahenga wetu walikuwa wakali zaidi, kwani wao wametoa siku mbili, na ya tatu wakamkabidhi mgeni jembe! Watu saba kuingia katika vyumba viwili si mzigo mdogo. Ni vyema kupeleka fedha ya matumizi kabla ya kufika, si kumwachia mwenyeji mkononi wakati wa kuaga, kwani huko ni kumlipa deni alilokwisha kulikopa dukani. Na kidumu cha mafuta ya alizeti na asali ya kwao havitakosa shukrani. Wanawake na wasichana walale chumba kimoja. Ikiwa wanaume hawana nafasi ya kulala kwa staha, baba na wavulana watafute nyumba ya kulala wageni iliyo karibu, isiyouza pombe. Haya zaidi ni kumtoa shemeji kitandani mwake.

Sasa safari yenyewe. Toka mwaka 2024 treni ya umeme huenda kutoka Dodoma hata Dar es Salaam, nayo huwashusha watu mjini. Kwa mwenye mzee na watoto, treni ni rahisi kuliko basi, maana mabasi ya bara toka 2021 yana kituo chao Mbezi, mbali na katikati ya mji. Waondoke Jumatano, wawe na siku tatu kamili, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili warudi. Hesabu hii sikuitoa hewani. Sababu yake itakuja katika habari za sala.

Alhamisi na iwe siku ya mji wa zamani. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, hupita Magomeni kwenda Kivukoni. Wasipande saa moja asubuhi, kwani saa hiyo hata kijana hubanwa mbavu; wangoje saa tatu watu wakiwa wamekwisha kwenda makazini. Washuke Posta ya Zamani. Hapo pana Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe la miaka ya 1860, zama za Sayyid Majid bin Said wa Unguja, ambaye ndiye aliyeanza kuujenga mji huu mahali palipokuwa kijiji cha Mzizima. Alifariki 1870, na mji ukalala mpaka Wajerumani walipoufanya makao makuu yao mwaka 1891.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hata sanamu ya Askari, ambayo wazee wa mji huiita Bismini, kwa jina la Mjerumani Wissmann ambaye sanamu yake ndiyo iliyosimama hapo kwanza. Hii ya sasa iliwekwa 1927 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Najua yuko atakayeniuliza: mwalimu, watupeleka kwenye sanamu? Kutazama si kutukuza, nami siwapeleki kwa ajili ya shaba. Nawapeleka kwa ajili ya maandishi, kwa kuwa yameandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Watoto waliohitimu juzuu wasimamishwe mbele ya hayo wayasome wenyewe. Wataona kuwa herufi walizofundishwa chuoni zilikuwa herufi za lugha yao pia, tena za kuandikwa katikati ya mji mkuu. Mimi kila mwaka huwa na wanafunzi wanaodhani Kiswahili kilizaliwa na herufi za A, B, C.

Khalafu baba awaambie maana ya jina Kariakoo. Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kiitwacho Carrier Corps, na mahali walipowaweka watu hao ndipo palipoitwa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na njaa wakibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao. Mtoto akilijua hili, hataliona Kariakoo kuwa jina la nguo na viatu tu.

Mbele kidogo kuna Makumbusho ya Taifa, katika mtaa wenye jina la Shaaban Robert, mshairi wetu wa Tanga aliyefariki 1962. Yalifunguliwa 1940. Humo huhifadhiwa habari za miji ya kale kama Kilwa, na habari za fuvu aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, ambalo wataalamu hulihesabia miaka kama 1,750,000. Mtoto akiuliza ya fuvu, baba asigombane naye mbele ya kioo. Amwache atazame, asome, na mazungumzo yafanywe nyumbani kwa utulivu. Bibi akichoka, bustani ya mimea iko karibu, na kivuli chake ni kizuri.

Ijumaa asubuhi ni ya bahari. Waende Kivukoni wakaone samaki wakinadiwa, kisha wavuke kwa kivuko kwenda Kigamboni na kurudi. Lango lifunguliwapo watu huenda kwa kishindo. Bibi asitiwe katika mkondo huo, wawaache wenye haraka watangulie. Mama wa watoto na apewe nafasi ya ubavuni, penye upepo, na mtoto mdogo ashikwe na baba yake. Warudi mapema, waoge, na wanaume waende Jumaa Kitumbini, msikiti wa zamani na mashuhuri wa katikati ya mji. Msafiri hakulazimishwa Jumaa, walakini watoto kuona safu za mji mkubwa ni ziara peke yake.

Alasiri ya Ijumaa ni ya Kariakoo, na hapa nina shauri ambalo wanaume wengine hawatalipenda: watoto wasiende. Aende mama na wifi yake, na baba abaki na watoto. Mtaa wa Kongo ni bahari ya vichwa, na mtoto akipotea hapo roho hutoka. Ikiwa hapana budi kwenda naye, ashonewe mfukoni karatasi yenye namba mbili za simu, ya baba na ya mwenyeji, naye aambiwe kuwa akipotea aingie msikiti ulio karibu akae humo. Wasipatane kukutana dukani, maana maduka yafanana. Wapatane Msikiti wa Mtoro au wa Manyema, ambao kila mwuzaji aujua.

Jumamosi waishike barabara ya Bagamoyo. Kwanza Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa 1967, chenye nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake wa kweli; watoto wa Kondoa wataweza kuulinganisha msonge wa Wahaya na nyumba za kwao. Nguvu zikiwapo, waendelee hata Kunduchi, penye gofu la msikiti wa karne nyingi na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina. Huko wasiende peke yao. Wamtafute mwenyeji wa kuwaongoza. Wawasalimu wafu, wawaombee, wala wasiwaombe.

Katika sala: safari ya Kondoa ni ndefu, na kupunguza kwafaa. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, anayenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, hukatika usafiri wake tokea afikapo, akaswali kamili. Akinuia tatu, abaki msafiri. Ndiyo maana nikaweka tatu. Basi Adhuhuri yaweza kucheleweshwa na kuswaliwa pamoja na Alasiri wakirudi Magomeni, kwa sharti nia ya kuchelewesha iwekwe ndani ya wakati wa Adhuhuri. Na hili litawapunguzia wanawake taabu ya kutafuta mahali pa stara. Hata hivyo mama na abebe mkeka mwepesi na chupa ya maji, na amwulize wifi yake usiku wa kuamkia ni misikiti ipi njiani iliyo na chumba cha wanawake. Atakayeswali nyuma ya imamu mwenyeji atimize rakaa nne, asitoe salamu katika ya pili. Wavulana waelezwe kabla, wasije wakatazamana. Jumapili, ikiwa treni itaondoka baada ya Adhuhuri kuingia, waswali zote mbili pamoja kabla ya kwenda stesheni, na bibi akiwa hawezi kusimama aswali amekaa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.