Urefu wa kukata mpunga tusimwachie shofere peke yake



Msimu uliopita, mashini ya kuvuna tuliyokodi ilimaliza shamba langu hapa Ruzizi mbele ya saa sita ya mchana. Nilifurahi sana. Kesho yake wamama walikuja kuokota masuke yaliyobaki, na mmoja akaniambia: «Baba, asante, umetuachia mingi.» Ile asante iliniuma. Upande mmoja wa shamba mpunga ulikuwa umelala sababu ya mvua na upepo, lakini shofere alikata pote kwa urefu uleule.

Simlaumu yeye peke yake. Tunamlipa kwa hektari. Akiinua visu, mashini inameza majani kidogo, inakimbia, na mazuti hayaishi haraka. Anayepoteza ni mwenye shamba. Na mimi mwenye shamba nilikuwa wapi? Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli.

Tupige hesabu. Punje 1.000 za mpunga zina uzito wa karibu gramu 25. Kwa hiyo suke la punje 100 ni gramu 2,5. Ukiacha suke moja tu kwa kila metre mraba, kwenye hektari moja umeacha kilo 25. Ukiacha masuke manne, ni kilo 100. Hiyo ni karo ya mtoto iliyobaki shambani.

Wengine watasema: basi tukate chini kabisa. Hapana. Mashini ikikata chini sana inajaa majani, inashindwa kutenga punje vizuri, na punje zinatupwa nyuma pamoja na majani. Tena visu vinaweza kugonga jiwe ao tuta, na udongo unaingia ndani ya mpunga.

Mpunga uliosimama, inatosha kukata chini kidogo ya suke lililo fupi kuliko yote. Mashina yanayobaki tuyalime ndani, yasaidie udongo. Mpunga uliolala ni kazi ingine: shofere ashushe visu, apunguze mwendo, na aanzie upande ule ambako masuke yameelekea, ili mashini iyainue.

Kwa hiyo, maoni yangu ni haya. Kwanza, urefu wa kukata uandikwe kwenye mapatano, mbele mashini haijaingia. Pili, ikikata hatua 20 za kwanza, isimame. Mwenye shamba achukue miti minne ya metre moja moja, aiweke chini kama dirisha, ahesabu masuke na punje zilizobaki ndani yake. Afanye hivyo fasi tatu. Zile zilizoanguka mbele ya kuvuna asimhesabie shofere. Kisha warekebishe visu pamoja.

Tatu, na hapa wengi hawatapenda: kwa shamba lililolala, tukubali kumwongezea shofere malipo. Kazi yake inachukua saa nyingi na mazuti mengi. Tukimlipa sawa na shamba lililosimama, ataendelea kukimbia, na sisi tutaendelea kulalamika.

Wamama wa kuokota hawatakosa kitu. Hakuna mashini isiyoacha punje. Lakini nikiwaachia, iwe ni zawadi niliyoitoa kwa kupenda, isiwe hasara niliyoisikia kesho yake.