Turubai la Bluu Halikumtuliza Mtu

Hoja za mpinzani wangu mmezisikia: kila rangi ina hisia yake, kama dawa ilivyo na maradhi yake. Nyekundu hasira, bluu utulivu, nyeusi msiba, nyeupe furaha. Mchoraji achague kwenye chati, mtazamaji atahisi alichopangiwa. Naomba tuzipitie moja moja, ninyi mkiwa mahakimu.

Bluu ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Inatuliza, tuliambiwa, kwa kuwa ni rangi ya anga, na anga liko kila mahali. Kweli, hata Kasulo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, lipo. Lakini mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa takribani siku moja wakitoka Rwanda, na vilima vya Benaco, huko Kasulo, vikajaa vibanda vya maturubai ya bluu. Jua la mchana likipenya turubai la namna hiyo, kila kilichomo ndani hugeuka bluu: sufuria, blanketi, uso wa mtoto mgonjwa. Mwulizeni aliyelala humo kama alitulia. Mtu akijibu kwamba kilichomnyima utulivu ni vita, si rangi, amenipa ushindi: basi hisia hutoka kwenye yale ambayo mtu aliyakuta chini ya rangi hiyo, na chati haiyajui.

Kuhusu nyeusi na nyeupe, mpinzani wangu anajikana mwenyewe. Alisema rangi ni lugha moja ya dunia nzima. Kabla hatujakaa sawa akatushauri turudi kwenye mila zetu. Mila zipi? Kisutu, kanga ya bibi harusi wa pwani, kina nyekundu, nyeusi na nyeupe pamoja. Kwa chati yake, bibi harusi amejifunga hasira, msiba na furaha kwa mpigo mmoja. (Walio kwenye ndoa wanaweza kumuunga mkono, ila yeye hakukusudia utani.) Sanda nayo ni nyeupe.

Akawaita mashahidi, mshairi Goethe na mchoraji Kandinsky. Angewasoma pamoja asingewaleta siku moja. Goethe, mwaka 1810, anaiona manjano safi kuwa rangi changamfu na pole. Kandinsky, mwaka 1911, anaiona ya uchokozi, hata anaifananisha na wazimu.

Kisha sayansi: mahabusu waliotulizwa na kuta za waridi. Jaribio hilo lilifanyika kweli, katika gereza la wanamaji huko Seattle, mwaka 1979. Ambacho hakukisema ni kwamba watafiti huko Uswisi walilirudia kwa uangalifu zaidi, wakachapisha matokeo mwaka 2015: rangi haikupunguza ukali wa wafungwa. Angekuwa na ushahidi bora kama angeutafuta. Utafiti wa mwaka 2020 uliohoji watu 4,598 katika nchi 30 ulikuta wanafanana sana katika kuoanisha rangi na hisia. Hilo nalikubali. Lakini waliohojiwa walipewa majina ya rangi, hawakuonyeshwa picha. Na kulihusisha neno na huzuni si sawa na kuhuzunika.

Hoja iliyoniudhi ni ya imigongo, sanaa ya jadi ya Rwanda. Eti akina mama wa Nyakarambi, ng'ambo tu ya Rusumo, hutumia nyeusi, nyekundu na nyeupe ili kutoa kilio cha roho. Tazameni kazi yenyewe. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole kuwa matuta membamba juu ya ubao, huachwa kikauke, husuguliwa, ndipo hupakwa rangi. Nyeupe ya asili ni udongo mweupe, nyekundu ni udongo mwekundu. Rangi hizo zilikuwa chini ya miguu yao. Nguvu ya kazi imo katika ujirani wa rangi hizo: nyeupe hukata kwa sababu imebanwa na nyeusi. Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Alizichunguza, akazikuta hazina kasoro. Zilififishwa na bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1839. Ikiwa nyeusi moja hubadilika kwa kubadilishiwa jirani tu, chati inayoipa kila rangi hisia moja imepima nini?

La mwisho ni ushauri wake kwamba madarasa yapakwe bluu nyepesi kuanzia juu hadi chini, kwa kuwa kahawia huwavunja watoto moyo. Huku kwetu mafundi hupaka rangi ya maji juu, na chini, usawa wa kiuno, hupaka mkanda wa rangi ya mafuta ya kahawia. Mvua ya kwanza ikinyesha, matone hurusha udongo mwekundu ukutani, na viganja vya watoto humalizia kazi. Kahawia huupokea udongo huo bila kelele. Bluu yake nyepesi aje aifue mwenyewe.