Utulivu Pasipo Haki



Wapendwa waamini, hatuwashutumu Wabudha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, uliutaja Ubudha kwa jina na kutufundisha tusikatae lolote lililo kweli na takatifu ndani yake. Tunachokipinga ni biashara.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha huko Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kuwatuliza wagonjwa kwa taamuli ya Kibudha iliyotenganishwa na dini. Wapo waliopata nafuu, hatukanushi. Lakini wafanyabiashara wameigeuza kuwa dawa ya wafanyakazi waliochoka: vuta pumzi, tulia, rudi kazini!

Buddha hakufundisha hivyo. Njia yake yadai pia usemi wa kweli na riziki isiyodhulumu. Je, Injili yetu yadai pungufu ya hayo? Tajiri anayemnyima kibarua ujira wake hatakaswi na pumzi; naye kibarua hahitaji utulivu tu, ahitaji haki.

Basi tuketi kimya mbele ya Mungu asikiaye kilio cha maskini, kisha tuinuke tukamlipe jirani anachotudai. Amina.