Kurudi Chini si Aibu

Bwana na bibi wa Eldoret wapatapo siku chache za likizo, huenda wakashikwa na hamu ya kuupanda Mlima Elgon. Hamu hiyo ni njema. Kutoka Eldoret hata Kitale ni kilomita 70 hivi, kisha njia hupita Endebess mpaka lango la Chorlim la Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1968. Mlima wenyewe umelala mpana kama mgongo wa ng'ombe, wala hautishi macho kama Mlima Kenya. Hapo ndipo mgeni adanganyikapo.

Kilele cha Koitobos kina mita 4,222, na mji wa Eldoret una mita 2,100 hivi. Basi kilele kiko juu ya mji kwa mita 2,000 na zaidi. Kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, joto hupungua kadiri ya digrii 6, na hewa nayo huwa nyepesi. Asubuhi jua huwaka. Mchana ukungu waweza kushuka hata njia isionekane. Tena barabara ya gari yapita mita 3,000, hivyo mtu hufika juu kabla mwili wake haujazoea. Ndipo kichwa humgonga, moyo humchafuka, na usingizi humpotea. Akizidi kuumwa, dawa ya kweli ni moja: kushuka.

Lakini kushuka kwataka mtu wa kusema. Mara nyingi mume hutangulia. Mke akisema kichwa chamuuma, hujibiwa kwamba kilele ni pale tu. Au mke hunyamaza asije akaitwa mvivu. Na pengine mume ndiye augu­aye, akaficha kwa kuona haya mbele ya mkewe. Kimya cha namna hiyo chaweza kuua kuliko baridi. Yafaa wapatane kabla ya kuondoka nyumbani: mmoja akisema "Turudi," wote wawili warudi, bila lawama, wala jambo hilo lisifanywe mzaha baadaye.

Mwaka 1943 Waitalia watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka katika kambi ya mateka wa vita huko Nanyuki ili wapande Mlima Kenya. Walikuwa wamejitayarisha kwa miezi mingi, wakijitengenezea vyombo kwa siri. Hata hivyo Barsotti aliugua njiani, akaachwa apumzike. Wenziwe wawili walijaribu kilele cha Batian, mita 5,199, wakashindwa, wakarudi nyuma. Baadaye walifika Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakarejea kambini wazima. Kama hao hawakuona aibu kugeuka, mtu wa likizo ya siku tatu aione ya nini?

Basi wasafiri wachukue sweta, koti la mvua, viatu imara, chakula, maji na tochi. Wafuatane na askari wa hifadhi, maana nyati na tembo wamo. Wamwambie jirani siku ya kurudi. Tena waweke saa ya kugeuka, kama saa saba mchana, wakiwa wamefika au hawakufika, kwa kuwa giza la nchi hizi huingia upesi.

Mwenda pole hajikwai. Koitobos kitakuwapo hata Desemba ijayo. Lililo kubwa ni kwamba bwana na bibi nao wawepo.