Shahada ya Kiingereza Pekee Haimfanyi Mtu Mhariri

Mwezi uliopita alinijia ofisini kijana niliyemfundisha. Alihitimu shahada ya Kiingereza kwa daraja la kwanza, kisha akaomba kazi katika kampuni moja ya uchapishaji wa vitabu hapa Dar es Salaam. Hawakumuuliza lolote kuhusu Shakespeare. Walimpa kurasa mbili za muswada wa Kiswahili wakamtaka azihariri. Saa nzima ilipokwisha, alikuwa amerekebisha nukta na mikato tu. "Mwalimu," aliniambia, "mbona haya hamkutufundisha?"

Swali lake ni la haki, nami sina budi kulijibu hadharani.

Kosa la kwanza ni letu wahadhiri. Tumewaaminisha vijana kwamba Kiingereza ni ufunguo wa kila mlango, ukiwamo mlango wa vitabu. Lakini watoto wa shule za msingi za umma husoma kwa Kiswahili, na Watanzania walio wengi hufikiri, hucheka na hugombana kwa Kiswahili. Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Nobeli mwaka 2021, wengi wetu tuliona haya kwamba riwaya za mzaliwa wa Zanzibar hazikuwa zikisomeka kwa lugha ya Zanzibar. Ndipo Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kazi kama ile humhitaji mtu aliyezama katika lugha zote mbili. Mwenye Kiingereza pekee ataishia mlangoni.

Isitoshe, tunafundisha uhakiki na kuuacha uhariri. Mwanafunzi wetu huchambua riwaya kwa nadharia tatu, ilhali hajawahi kushika muswada mbichi. Wengi huhitimu bila kujua tofauti ya mchapishaji na mpiga chapa, wala maana ya mrabaha katika mkataba wa mwandishi.

Kosa la pili ni la serikali. Wachapishaji binafsi waliishi kwa vitabu vya kiada. Fedha zake ndizo zilizolipa mishahara ya wahariri chipukizi na kufidia hasara ya riwaya na mashairi. Katika muongo uliopita jukumu la kuandaa vitabu hivyo likarejeshwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Watetezi wa uamuzi huo husema vitabu vya watu binafsi vilijaa makosa. Hoja hiyo ina ukweli wake. Lakini mwaka 2017 vitabu vya Taasisi yenyewe vilijadiliwa bungeni kwa sababu ya makosa hayohayo. Dawa ya makosa ni wahariri waliofundwa vizuri, na wahariri hawafundwi pale ambapo soko limefungwa.

Kosa la tatu ni la waajiri wanaowafanyisha vijana kazi miezi kadhaa kwa jina la kujitolea. Anayesoma miswada yako kutwa nzima anafanya kazi, mlipe.

Nawe kijana, usisubiri sisi tutubu. Anza na sarufi na tahajia ya Kiswahili kama ulivyoanza na Kiingereza. Omba kusoma prufu, hata za jarida la chuo. Jifunze kupanga kurasa kwa kompyuta, kukokotoa gharama ya nakala moja, na kumwambia mwandishi ukweli bila kumvunja moyo. Hakuna cheo cha chini katika kazi hii. Msoma prufu wa leo ndiye mhariri mkuu wa kesho.

Mwaka 1972 Tanzania Publishing House, kwa kushirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London, ilichapisha kitabu cha Walter Rodney, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Dunia ingali inakisoma. Miswada yenye uzito haijakoma kuandikwa nchini. Kinachokosekana ni mikono ya kuipokea, na kijana yule aliyekaa mbele yangu angeweza kuwa mmoja wao. Tulimpa shahada, tukamnyima ufundi.